Kwa Nini Kukaza Nati Peke Yake Hakuponyi Breki ya Mkono

Maji ya bahari yakikupwa pale kivukoni Likoni, njia ya zege inayoshukia kwenye feri huwa na mwinamo mkali kuliko wakati maji yamejaa, na dereva aliyesimamishwa katikati yake hugundua kwa sekunde chache jambo ambalo kisiwa cha Mombasa, kwa utambarare wake, kilimficha kwa miezi mingi: breki yake ya mkono haishiki. Mpini unapanda juu kuliko ulivyozoea kupanda, taa nyekundu inawaka kwenye dashibodi kana kwamba kila kitu ki sawa, lakini gari linaendelea kunyemelea la mbele yake mpaka mguu urudi kwenye pedali. Taa ile, tuseme mapema, haipimi nguvu ya breki. Huwashwa na swichi ndogo iliyo chini ya mpini, na itawaka hata kama kebo imekatika.

Dawa ambayo wengi wetu tunaijua ni ya dakika tatu. Fundi anafungua kifuniko kilicho kati ya viti viwili vya mbele, anaikuta nati iliyo kwenye shina la kebo, anaikaza mpaka mpini usipande sana, anafunga na kupokea malipo yake. Mimi mwenyewe nilifanyiwa hivyo mara mbili katika mwaka mmoja, kwenye Toyota Probox niliyokuwa nikiitumia kila siku. Mara zote mbili breki ilishika vizuri kwa wiki kadhaa, kisha mpini ukaanza tena kupanda. Mara ya tatu niliikaza mwenyewe, nikajipongeza, na siku niliyokuwa nikirudi kutoka Mazeras nikasikia harufu ya kitu kinachoungua. Rimu ya gurudumu la nyuma la kushoto ilikuwa ya moto kiasi cha kutoshikika. Ndipo nilipoamua kuivua dramu, lile bakuli la chuma linalozunguka pamoja na gurudumu na kuificha breki ndani yake, na kutazama kilichomo, na nikaelewa kwamba sote, mafundi na mimi, tulikuwa tumeanzia mwisho wa kazi badala ya mwanzo wake.

Hoja ya makala hii ni hiyo. Katika magari mengi yanayotembea Mombasa, nati ya kebo ndiyo kitu cha mwisho kuguswa. Kuikaza kwanza huficha kasoro iliyo gurudumuni, na mara nyingi huzuia kifaa ambacho kazi yake ni kuirekebisha breki bila ya msaada wa mtu yeyote.

Kilichomo ndani ya dramu

Breki ya mguu hufanya kazi kwa mafuta: ukikanyaga pedali, shinikizo husafiri ndani ya mabomba hadi kwenye magurudumu yote manne. Breki ya mkono, au handibreki kama inavyoitwa mitaani, haitumii mafuta hayo. Huvutwa kwa kebo za chuma, na kwa kawaida hushika magurudumu mawili tu ya nyuma. Imetengwa hivyo kwa makusudi, ili mabomba yakivuja na mafuta yakaisha, dereva abaki na njia nyingine ya kulizuia gari. Lakini utengano huo ni wa njia tu, si wa mwisho wa safari. Katika gari lenye dramu nyuma, kama vile Probox na Vitz nyingi, mafuta na kebo huishia kwenye viatu vilevile vya breki.

Viatu hivyo ni vipande viwili vya chuma vilivyopinda mithili ya hilali, na mgongoni vimegandishwa lainingi, yaani utando mgumu unaosugua ukuta wa ndani wa dramu. Juu, kati ya viatu viwili, kuna silinda ndogo ambayo mafuta yakiingia huvisukuma nje. Chini kidogo ya silinda kuna fito fupi ya chuma inayoviunganisha viatu, na fito hiyo ndiyo kiini cha hadithi yote, kwa sababu ina skrubu na kigurudumu cha meno kinachoweza kuirefusha au kuifupisha. Mafundi huiita adjasta. Upande mmoja wa fito hushikana na wenzo mdogo uliofungwa kwenye kiatu cha nyuma, na ncha ya chini ya wenzo huo ndiyo inayovutwa na kebo. Ukivuta mpini, kebo huvuta wenzo, wenzo husukuma fito, fito husukuma kiatu cha mbele, na kwa nguvu ya kurudi nyuma kiatu cha pili nacho hujibana kwenye dramu.

Lainingi huliwa siku hadi siku. Ikiliwa, nafasi kati ya kiatu na dramu hupanuka, na safari ambayo kila kitu kinapaswa kuifanya kabla ya breki kushika hurefuka. Watengenezaji walilijua hilo, na ndiyo maana waliweka kidole kidogo cha chuma kinachogusa meno ya adjasta. Viatu vikisafiri mbali kupita kiasi, kidole hicho hudaka jino linalofuata na kukizungusha kigurudumu kidogo. Fito hurefuka kwa sehemu ndogo ya milimita, na viatu hupumzika karibu zaidi na dramu kuliko jana. Gari hujirekebisha lenyewe, mradi masharti mawili yatimie: adjasta iwe inazunguka kwa wepesi, na wenzo wa kebo uwe unarudi kabisa mahali pake pa kupumzikia kila unaposhusha mpini.

Sasa fikiria kinachotokea nati inapokazwa kabla ya wakati wake. Kebo inafupika, wenzo haurudi tena hadi mwisho, na fito inakaa imebanwa hata mpini ukiwa chini. Kigurudumu cha meno kilichobanwa hakizunguki. Viatu navyo vinapumzikia karibu na dramu, si kwa sababu vimerekebishwa bali kwa sababu kebo imevishikilia hapo, kwa hiyo havisafiri umbali wa kutosha kukifanya kidole kidake jino jipya. Lainingi inaendelea kuliwa, mpini unaanza kupanda, nati inakazwa tena, na mduara unaendelea mpaka nyuzi za shina zinaisha. Ikiwa mkazo ni mwingi zaidi, viatu vinasugua wakati wote, dramu inapata moto, na mwenye gari anasikia harufu niliyoisikia mimi njia ya Mazeras.

Kwa nini Pwani huzidisha tatizo

Hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi hupenda vitu viwili ambavyo breki ya mkono haiwezi kuviepuka: nyuzi za skrubu na nyaya zilizo ndani ya ganda. Adjasta iliyokaa miaka miwili bila ya grisi katika gari linalolala barazani Nyali au Mtongwe huweza kuwa imeganda kiasi kwamba hata koleo halitaizungusha. Kebo nayo ni waya wa chuma unaoteleza ndani ya ganda lake. Ganda likipasuka mahali padogo, maji ya mvua za masika huingia, kutu huvimba, na waya unabaki umevutika hata mpini ukishushwa. Magari mengi yetu hufika bandarini yakiwa yamekwisha kutumika, kwa kuwa sheria ya Kenya huruhusu kuagizwa gari lisilozidi miaka 8, na baadhi yake hutoka sehemu za Japani ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Kutu nyingine hushuka melini pamoja na gari.

Kuna pia mazoea yetu sisi madereva. Aliyezoea gari la gia za kujiendesha (otomatiki) husimamisha gari, hurusha gia kwenye P, huzima na kwenda zake. Ndani ya gia, herufi P ni kucha ndogo ya chuma inayoingia kwenye gurudumu la meno. Kwenye mwinamo, uzito wote wa gari huiangukia kucha hiyo, na ule mshindo unaosikika unapoitoa ndio mlio wake wa kujinasua. Utaratibu ulio sahihi ni kukanyaga breki, kuweka gia katika N (gia huru), kuvuta mpini, kuachia mguu taratibu ili uzito ulalie breki ya mkono, kukanyaga tena, na hapo ndipo P ifuate. Faida ya pili ya utaratibu huo ndiyo inayotuhusu hapa: kebo inayovutwa kila siku haipati muda wa kuganda. Ajabu ni kwamba breki hii huharibika zaidi kwa kutotumiwa kuliko kwa kutumiwa.

Kutambua ugonjwa kabla ya kugusa spana

Pedali ya mguu ni shahidi mzuri, kwa kuwa viatu ni vilevile. Washa gari, kanyaga breki na uangalie pedali inashuka kiasi gani. Kisha vuta mpini kwa meno machache, yaani ile milio inayosikika mpini unapopanda, na ukanyage tena. Ikiwa pedali sasa inakuwa juu na ngumu zaidi kuliko awali, maana yake viatu viko mbali na dramu, na kasoro ni ya adjasta au ya lainingi iliyokwisha. Ikiwa pedali ni ileile, ngumu na ya juu, ilhali mpini peke yake ndio unaopanda sana, basi mashaka yahamie kwenye kebo.

Mpini unaopanda kidogo na kuwa mgumu, na bado gari likateleza, una maana tofauti kabisa. Hapo hakuna cha kukaza. Aidha lainingi zimelowa mafuta yaliyovuja kutoka kwenye silinda, au zimekuwa laini na kung'aa kama kioo, au kebo imeganda njiani na nguvu ya mkono wako inaishia kwenye kutu. Gurudumu moja likishika na jingine likazunguka, upande ulio mlegevu ndio wa kufunguliwa kwanza. Na gari likiwa zito kuondoka asubuhi, kisha likaachia kwa mlio wa "ka", ujue viatu viliganda kwenye dramu usiku kucha. Hilo ni la kawaida kwa gari lililooshwa jioni na kuvutwa mpini likiwa bado limelowa.

Kazi yenyewe

Hapa naomba subira ya msomaji, kwa sababu hatari kubwa zaidi ya kazi hii haimo ndani ya breki. Ili kurekebisha breki ya mkono ni lazima mpini ushushwe, na magurudumu ambayo breki hiyo huyazuia ndiyo yanayonyanyuliwa. Gari linabaki limeshikiliwa na magurudumu ya mbele tu. Kwa hiyo chagua sakafu ya zege iliyo tambarare, si mchanga wa uani, na uweke kabari nene mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele yote mawili. Gari linaloendeshwa na magurudumu ya mbele litasaidiwa pia na P, au gia ya kwanza kwa lile la klachi. Gari linaloendeshwa na magurudumu ya nyuma halipati msaada huo mara tairi zinaponyanyuka, kwa kuwa P hushika magurudumu hayohayo yaliyo hewani.

Jeki ni ya kunyanyulia tu. Baada ya kunyanyua, gari likalishwe juu ya stendi mbili za chuma, zilizowekwa mahali ambapo kitabu cha gari kimeonyesha. Nimeona mara nyingi, katika nyua zetu, gari likiwekwa juu ya mawe ya matumbawe yaleyale tunayojengea nyumba. Jiwe la tumbawe hubeba ukuta vizuri kwa sababu uzito umetandazwa. Likiwekewa uzito wa gari katika nukta moja, hupasuka bila ya onyo. Tofali la saruji lenye matundu ni afadhali kidogo tu, na kidogo hicho hakitoshi kulalia chini yake.

Nati za magurudumu zilegezwe tairi likiwa bado chini. Kwa Toyota nyingi ndogo spana ni ya namba 21. Kabla ya kuvua chochote, nenda kwenye mpini, fungua kifuniko na uilegeze nati ya kebo mpaka kebo ilegee waziwazi. Hatua hii huwashangaza watu, kwa kuwa ni kinyume cha walichokuja kukifanya, lakini bila yake wenzo hautarudi mahali pake na kipimo chochote utakachokichukua gurudumuni kitakuwa cha uongo. Ikiwa nati imeganda kwa kutu, mafuta ya kulainisha na nusu saa ya kusubiri ni bora kuliko nguvu, kwani shina likikatika utanunua kebo nzima.

Dramu iliyoishi Pwani mara chache hutoka kwa kuvutwa. Dramu nyingi za Kijapani zina matundu mawili madogo yenye nyuzi. Ukiingiza bolti mbili za milimita 8 na kuzikaza kwa zamu, kidogo huku na kidogo kule, dramu hujisukuma yenyewe kutoka kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu. Ikiwa inazunguka lakini haitoki, basi viatu vimejichimbia ukingo ndani yake, na itabidi adjasta irudishwe nyuma kupitia tundu lenye kizibo cha mpira lililo kwenye bamba la nyuma: bisibisi moja nyembamba isukume kidole pembeni, na nyingine izungushe meno. Ni kazi ya kupapasa. Mara ya kwanza ilinichukua zaidi ya saa moja kwa upande mmoja.

Dramu ikishatoka, mtu yeyote asikanyage pedali ya breki, kwa sababu hakuna tena ukuta wa kuzizuia pistoni za silinda zisitoke. Usipulize vumbi kwa mdomo wala kwa pampu, kwani vumbi la lainingi hudhuru mapafu, na lainingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto. Lowesha kwa maji yenye sabuni na uoshe. Petroli na mafuta ya taa hayafai, kwa kuwa mafuta ya taa huacha utando juu ya lainingi na petroli inaweza kukuchoma. Inua kidogo mpira ulio kwenye ncha za silinda. Ukikuta umelowa, kazi ya nyumbani imeishia hapo, kwa sababu sasa ni suala la breki ya mguu, linalohitaji silinda mpya na kutolewa hewa kwenye mabomba.

Kisha pima. Lainingi iliyobaki na unene wa milimita 1 ndiyo kikomo kwa Toyota nyingi, na mimi singengoja ifike huko. Dramu nayo ina kikomo kilichochongwa juu yake. Ile ya milimita 200 kwa kawaida huruhusiwa kulika hadi 201, si zaidi. Ukilazimika kubadilisha viatu, badilisha vya pande zote mbili, lakini fungua upande mmoja kwa wakati, ili ule mwingine ukae kama kielelezo cha springi ipi inaingia wapi. Picha ya simu inasaidia, ingawa picha haionyeshi kilicho nyuma ya kiatu.

Sasa tuje kwenye adjasta, ambayo kwangu mimi ndiyo sababu hasa ya kuvua dramu. Itoe, ifungue yote, isugue nyuzi zake kwa brashi ya chuma mpaka izunguke kwa vidole viwili, ipake grisi ya breki inayostahimili joto, na uirudishe. Usiibadilishe ya kushoto na ya kulia, kwa sababu nyuzi zake huelekea pande tofauti na ukizichanganya breki itakuwa inajilegeza badala ya kujikaza. Sugua pia zile nukta, mara nyingi sita, ambapo viatu huteleza juu ya bamba la nyuma, na uziguse kwa grisi kidogo sana. Vuta wenzo wa kebo kwa mkono na uuachie: urudi wenyewe, haraka, hadi mwisho. Usiporudi, kebo ndiyo mgonjwa, na kebo iliyooza ndani ya ganda haitengenezwi. Inanunuliwa nyingine.

Nafasi kati ya viatu na dramu huwekwa kabla ya dramu kurudi. Mwenye kipimo cha vernia apime kipenyo cha ndani cha dramu, kisha aizungushe adjasta mpaka kipenyo cha nje cha viatu kiwe pungufu kwa takriban milimita 0.6, ambacho ndicho kipimo cha vitabu vya Toyota kwa dramu za namna hii. Asiye nacho atumie masikio na viganja: dramu iingie kwa kukwaruza kidogo, na ikizungushwa isikike sauti nyembamba ya kusugua bila ya kukwama popote. Rudisha kila kitu, kanyaga pedali mara kadhaa ili viatu vijipange katikati, na uzungushe tena. Pande mbili zifanane.

Baada ya yote hayo ndipo tunarudi kwenye nati tuliyoilegeza. Vuta na ushushe mpini mara tatu au nne ili kebo ijilaze, kisha vuta kwa nguvu ya kawaida, ile ya kunyanyua mzigo wa kilo 20 hivi, ukihesabu meno kwa mlio wake. Kila gari lina hesabu yake katika kitabu. Kwa Toyota nyingi ndogo huwa kati ya 6 na 9. Kaza nati kidogo kidogo mpaka hesabu iingie humo, si chini yake, kwani mpini wenye meno matatu ni dalili ya kebo inayovuta wakati wote. Pale ambapo kebo moja ya mpini inagawanyika kuwa mbili kuna kipande kidogo cha chuma kilichokaa kama mizani: kikiwa kimeinama upande mmoja, kebo mbili hazivuti sawa. Mwisho, mpini ukiwa chini, magurudumu yote mawili yazunguke huru. Kwa meno mawili au matatu yaanze kuwa mazito. Na kwa hesabu kamili yakatae kabisa. Nati za tairi zikazwe kwa mzunguko wa msalaba, na kwa Toyota hizo kipimo chake ni nyutoni-mita 103.

Magari ambayo si ya dramu

Subaru nyingi na magari makubwa kidogo ya Toyota yana diski nyuma, na mwenye gari huamini kwamba habari ya viatu haimhusu. Katikati ya diski hiyo, pale panapovimba kama bakuli, kumefichwa dramu ndogo yenye viatu vyake vidogo vya breki ya mkono pekee. Hapa hakuna kujirekebisha. Viatu hivyo haviliki kwa kuwa havisimamishi gari linalotembea, lakini hushika kutu na kung'aa. Adjasta huzungushwa kwa mkono kupitia tundu la diski mpaka gurudumu likatae, kisha hurudishwa nyuma. Toyota hutaja meno 8, na nyingine hutaja machache zaidi. Viatu vipya au vilivyong'aa huhitaji kuzoeshwa: Toyota huelekeza kuendesha kwa kilomita 50 kwa saa kwenye barabara kavu, iliyo wazi na salama, kitufe cha mpini kikiwa kimebonyezwa na mpini ukivutwa kwa nguvu ndogo, ya kilo 9 hivi, kwa umbali wa mita 400, na kurudia mara mbili au tatu. Si jambo la kufanya Barabara ya Mombasa–Malindi saa ya jioni.

Aina nyingine, kama ya Mazda Axela, huibana diski yenyewe kwa wenzo mdogo ulio nyuma ya kalipa, yaani kibanio cha diski. Pistoni yake hairudishwi kwa kubanwa na koleo, bali kwa kuzungushwa huku ikisukumwa, na aliyeibana kwa nguvu ameiharibu skrubu ya ndani. Sheria ni ileile ya dramu: mpini ukiwa chini, wenzo wa kalipa lazima uguse kizuizi chake. Kebo ikiuinua kutoka hapo, kujirekebisha kumekwisha.

Breki inayovutwa kwa kitufe na mota ya umeme isiguswe bila ya mashine ya kuiweka katika hali ya matengenezo, kwa kuwa mota hiyo ikijifunga vidole vikiwa ndani haitajali. Ama pedali ya mguu wa kushoto iliyo kwenye Mark X, au mpini wa kuchomoa ulio karibu na usukani wa Hiace za matatu, hivyo ni vishikio tofauti tu vya kebo ileile. Malori yanayopanga foleni Changamwe ni ulimwengu mwingine kabisa: breki yao ya kuegesha hufungwa na springi kubwa na kufunguliwa na upepo, kwa hiyo lori lililoishiwa upepo hufunga badala ya kuachia, na ule mfoko unaosikika dereva anapoegesha ni upepo ukitoka ili springi zifanye kazi.

Jaribio la mwisho lifanyike kwenye mwinamo mdogo usio na mtu wala gari chini yake. Kanyaga breki, weka N, vuta mpini, uachie mguu taratibu, kwanza pua ya gari ikitazama juu kisha ikitazama chini, kwa sababu viatu vya dramu havishiki kwa nguvu sawa pande zote mbili. Nchini Uingereza, ukaguzi wa magari hudai breki ya kuegesha itoe nguvu isiyopungua asilimia 16 ya uzito wa gari, ambayo kwa lugha ya barabara ni sawa na kulishikilia gari kwenye mteremko unaoshuka mita moja kwa kila mita sita hivi. Mwinamo wa Likoni maji yakiwa yamekupwa ni kipimo chetu cha hapa, ingawa si mahali pa kujaribia kwa mara ya kwanza.

Tembea na gari hilo siku chache, kisha gusa rimu mbili za nyuma baada ya safari ndefu. Zikiwa na joto linalolingana, kazi imekaa. Hesabu meno tena baada ya wiki mbili na uandike namba hiyo kwa kalamu ndani ya kifuniko cha kati ya viti, pamoja na mwezi. Yangu ilisoma 7 siku niliyofunga kifuniko. Imesoma 7 tangu hapo, na nati sijaigusa.